Mpwa wangu ametimiza miaka 18: je, ni mtu mzima wa kukabidhiwa urithi wake?

Shangazi wa Donholm anauliza:

Nawasalimu nyote kwa heshima. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeigawa familia yetu, na ningependa kusikia maoni ya watu wasiotujua, kwa kuwa kila ndugu ninayemuuliza nyumbani tayari ana upande wake.

Kaka yangu alifariki akiwa mgane, akaacha watoto wawili, mvulana na msichana, ambao nimewalea tangu wakati huo pamoja na watoto wangu mwenyewe. Aliacha kiwanja Ruai, vyumba kadhaa vya kupangisha Kayole na akiba kidogo benkini, lakini hakuacha wosia. Mahakama ilituteua mimi na kaka yetu mkubwa kuwa wasimamizi wa mirathi, na tangu hapo kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayolipa karo, sare na matibabu ya watoto hao. Mapato na matumizi yote nimeyaandika kwenye daftari.

Mvulana ametimiza miaka 18 mwaka huu, akiwa kidato cha nne. Dada yake ana miaka 15. Kijana huyo alipopata kitambulisho chake, aliomba tuketi sebuleni, akanieleza kwa adabu kwamba sasa yeye ni mtu mzima, kwamba angependa kodi ya vyumba iingie mikononi mwake, na kwamba kiwanja cha Ruai kiuzwe ili anunue gari la kubeba abiria wanaoagiza usafiri kwa simu. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia nitafikiri, na bado ninafikiri.

Baba yake mkubwa anasema huyu ni mtoto bado: analishwa, hana kazi, hajaoa, wala hajapata mafunzo yoyote ya kiume, kwa kuwa alitahiriwa hospitalini wakati wa likizo, akauguza kidonda chake mbele ya televisheni na kurudi shuleni muhula ulipofunguliwa. Kwa maoni yake tuizuie mali hadi kijana afikishe miaka 25 au aoe, lolote litakalotangulia. Dada yangu mdogo naye anashikilia kwamba sheria imekwisha sema, na kwamba kuizuia hata kwa mwezi mmoja ni kumdhulumu yatima.

Mimi ninayeishi naye siwezi kukubaliana kikamilifu na yeyote kati yao. Kijana huyu anaweza kumpeleka nyanya yake hospitalini, kujaza fomu zote, kusubiri kwenye foleni tangu asubuhi bila kunung'unika na kunieleza jioni kila neno ambalo daktari alisema. Kisha juma hilo hilo akampa rafiki yake nauli ya siku zote zilizobaki kwa sababu tu aliombwa. Sijui nimhukumu kwa lipi kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo nauliza: ni lini hasa mtu huacha kuwa mtoto? Je, ni siku anayopewa kitambulisho, anapopita jandoni, anapooa, anapoajiriwa, anapohama kwao, au ni jambo jingine ambalo mlezi hulitambua mwenyewe? Na kama ni hilo la mwisho, mimi nina haki gani ya kulipima? Siitaki mali yake. Lakini pia nahofia siku atakayoniuliza kwa nini nilimwacha aipoteze.

Karani mstaafu anajibu:

Dada, nilifanya kazi katika masjala ya mahakama hadi nilipostaafu, na majalada ya mirathi yenye watoto ndiyo niliyoyashughulikia zaidi. Mimi si wakili, kwa hiyo haya niyasemayo uyathibitishe kwa wakili kabla ya kutia saini karatasi yoyote, lakini misingi yake haina utata.

Kwa sheria za Kenya, mtu huwa mzima anapotimiza miaka 18. Haikuwa hivyo siku zote. Tulirithi kutoka Uingereza kanuni ya miaka 21, na Waingereza wenyewe walipoishusha hadi 18 kuanzia mwaka 1970, sisi tulifuata kwa Sheria ya Umri wa Utu Uzima ya mwaka 1974. Katiba ya mwaka 2010 imelirudia jambo hilo katika kifungu cha 260, ambapo mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kitambulisho hakimfanyi mtu kuwa mzima. Kinashuhudia tu kwamba siku hiyo imepita. Ndoa pia haihusiki, kwa sababu Katiba inampa haki ya kuoa au kuolewa mtu ambaye tayari ni mzima, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inamkataza aliye chini ya miaka 18. Anayesema kijana hatakuwa mzima hadi aoe anageuza mpangilio wa sheria kinyumenyume.

Hata hivyo ningependa mwone kwamba sheria hiyo hiyo haimtoi mtu utotoni kwa hatua moja. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya hadi mahakama iridhike vinginevyo. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa miaka 8, jambo ambalo lilinihuzunisha sana nilipowaona watoto wadogo wakisimamishwa kizimbani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13 na ajira ya kawaida kuanzia 16. Kisha huja miaka 18 ya kupiga kura, kufunga ndoa na kuingia mikataba. Na baada ya hapo Katiba inamweka mtu katika kundi la vijana hadi afikishe 35, akiwa na madai maalumu kwa serikali kuhusu elimu, ajira na uwakilishi. Kwa hiyo waliotunga sheria walijua kwamba mtu wa miaka 19 na mtu wa miaka 40 si sawa, ila walichagua kumwongezea huyo wa 19 msaada bila kumpunguzia haki.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Sheria ya Urithi, kifungu cha 41, inasema mali inayomwangukia mtoto wa marehemu asiyeacha wosia hushikiliwa kwa amana, kwa mafungu sawa kama watoto ni zaidi ya mmoja, hadi kila mmoja atimize miaka 18. Hakuna 25 mahali popote. (Kifungu hicho bado kina maneno kuhusu msichana aliyeolewa kabla ya umri huo, masalio ya zama ambazo ndoa kama hizo ziliruhusiwa.) Msimamizi anayeendelea kuikalia sehemu ya mrithi aliyetimiza umri anaweza kuitwa mahakamani atoe hesabu, na sababu ya kwamba kijana hajaoa haitamsaidia.

Lakini msome kifungu hicho pamoja na kijana, kwa kuwa kina upande wa pili. Kiwanja na vyumba si vyake peke yake. Nusu ni ya dada yake, na nusu hiyo itabaki katika amana hadi naye atimize miaka 18. Kijana anayo haki ya kuona hesabu zote leo, ya kupokea sehemu yake ya mapato na ya kudai mgawanyo. Hana uwezo wa kuamua kwamba kiwanja kiuzwe, na ninyi pia hampaswi kuuza sehemu ya mtoto aliye chini ya umri bila idhini ya mahakama. Ndiyo sababu sheria ilidai muwe wasimamizi wawili, wala haikumkabidhi mtu mmoja amana ya watoto.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hawalijui: kutimiza miaka 18 hakumaanishi kwamba malezi yamekatika siku hiyo. Mahakama inaweza kurefusha wajibu wa mzazi kupita umri huo kukiwa na sababu maalumu, na sababu inayotolewa mara nyingi ni masomo ambayo hayajakamilika.

Mzee wa Pumwani anajibu:

Binti yangu, assalaam aleikum, na kama wewe si Mwislamu basi zipokee kama dua ya amani. Mirathi yenu haitapita kwa Kadhi, lakini swali lako limewashughulisha wanazuoni wetu kwa karne nyingi, na huenda majibu yao yakakufaa.

Kwetu mtoto hubaleghe kwa alama za mwili, na zisipodhihiri, madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu wa pwani na wa hapa Majengo tunayafuata huhesabu miaka 15 ya mwezi mwandamo. Tangu siku hiyo swala na saumu ni wajibu juu yake, na madhambi yake huandikwa kwa jina lake. Hakuna anayesubiri aoe au aajiriwe. Mali, hata hivyo, ina mlango wake wa pili. Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, inawaamuru walezi wawajaribu mayatima hadi wafikie umri wa kuoa, kisha wakiona kwao uongofu katika kuendesha mambo, wawakabidhi mali zao. Inawakataza kuila kwa pupa kabla watoto hawajakua. Mlezi aliye tajiri ajizuie, na aliye maskini ale kwa kiasi cha haki. Na siku ya kukabidhi, waweke mashahidi.

Zingatia kwamba kujaribu kunatangulia. Mlezi hakuambiwa akae na mali hadi kijana akue, ndipo aanze kumchunguza. Wanazuoni walieleza jaribio hilo kwa namna ya kawaida kabisa: mpe kiasi kidogo, mpeleke sokoni, mwache apatane bei, halafu tazama. Marehemu baba yangu alinituma Gikomba nikiwa kijana mdogo, akanikabidhi fedha za mauzo ya siku nzima ninunue bidhaa za kesho yake, akakaa nyumbani kusudi nisiwe na wa kumuuliza. Nilirudi na hesabu iliyotimia, na tangu hapo alianza kuniuliza maoni yangu kuhusu duka.

Kaka yenu ametaja miaka 25. Nataka ajue kwamba Imamu Abu Hanifa aliutaja umri huo huo, ila kwa maana iliyo kinyume na anavyoutaka yeye. Imamu alisema kijana asiye mwangalifu aweza kuzuiliwa mali yake, lakini akifika miaka 25 apewe, hata kama hali yake haijabadilika. Wengine walimpinga wakasema azuiliwe muda wote ambao hajaongoka. Mimi nimeona katika maisha yangu kwamba kikomo cha Abu Hanifa kilimlinda kijana dhidi ya mlezi ambaye hataridhika kamwe, maana wapo walezi ambao mtoto wa marehemu hawezi kukua machoni pao maadamu mali iko mikononi mwao. Simtuhumu kaka yenu, simjui. Nasema tu kwamba anayepima ukomavu wa yatima naye yuko mizanini.

Daftari lako limenifurahisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfungulie kijana alisome.

Kifungua mimba wa Githurai anajibu:

Shangazi, pokea salamu zangu za heshima. Nimesoma majibu ya wazee wangu na nimejifunza, lakini naomba niseme kutoka upande wa aliyelelewa, na hasa kutoka upande wa msichana, kwa sababu katika mazungumzo haya yote binti wa miaka 15 ametajwa kama fungu la mali tu.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka 16. Baba alikuwa ameondoka zamani. Nilibaki na wadogo zangu wawili katika chumba kimoja hapa Githurai, na kuanzia juma lililofuata mwenye nyumba alikuwa akinidai kodi mimi. Hakuuliza umri wangu. Mwalimu wa mdogo wangu alinipigia simu mimi. Lakini mdogo wangu wa mwisho alipougua na kulazwa, hospitali ilikataa saini yangu kwa sababu nilikuwa mtoto, tukasubiri hadi jirani akatoka kazini kuja kutia saini, mtu ambaye hakujua hata jina kamili la mgonjwa. Nilitimiza miaka 18 siku ya kawaida ya kufua. Sikuhisi lolote limebadilika ndani yangu. Kilichobadilika ni kwamba watu wa ofisini walianza kukubali kile ambacho majirani walikuwa wamekikubali miaka miwili kabla.

Kwa hiyo nikiulizwa ni lini niliacha kuwa mtoto, najibu kwamba ni siku ambayo watu wengine walianza kula au kulala njaa kutokana na uamuzi wangu. Siisemi kwa majivuno. Ilikuwa mapema mno, na yapo mambo ya shuleni na ya urafiki ambayo niliyapita bila kuyaonja na ambayo hayarudi. Nisingependa mpwa wako akomae kwa njia hiyo, wala sikubaliani na wale wanaodai kwamba shida ndiyo chuo cha utu uzima. Shida ilinifunza kuhesabu sarafu. Haikunifunza kuomba msaada, na hilo nimelijifunza kwa taabu nikiwa mkubwa.

Lakini pia nimeona upande wa pili. Sasa nina miaka 27, nimeajiriwa, nimesomesha wadogo zangu wote wawili, na bado katika vikao vya ukoo naitwa msichana kwa kuwa sijaolewa. Mchango wangu unapokelewa kwa simu kabla ya mkutano kuanza, lakini maoni yangu hayaulizwi. Binamu yangu wa kiume aliye mdogo kwangu, ambaye bado anaishi kwa wazazi wake, huketi na wazee kwa sababu ametahiriwa na amezaliwa mwanamume. Nikiyaona hayo nashawishika kwamba kinachokosekana mara nyingi si ukomavu wa kijana. Kinachokosekana ni watu wazima walio tayari kusogea ili naye apate nafasi ya kukaa.

Shangazi, kijana wako ametoa nauli yake yote. Hilo si lazima liwe ishara ya utoto. Alitoa kilicho chake, na bila shaka akatembea kwa miguu. Hajawahi kushika kitu ambacho kikipotea kitamuumiza yeye na mtu mwingine anayemtegemea. Mpe kimoja. Mpe chumba kimoja kati ya hivyo vya Kayole: apokee kodi, aitwe bomba likipasuka, azungumze na mpangaji aliyechelewesha malipo ya miezi miwili na mwenye mtoto mgonjwa, kisha aamue. Na dada yake naye apewe kitu, hata kama sheria inasema angoje miaka mitatu. Nani anayepika kwenu siku ambazo umechelewa kazini? Nani anayejua unga umebaki kiasi gani? Kama ni yeye, basi mna mtu mzima mwingine nyumbani ambaye hakuna aliyemuuliza maoni yake kuhusu kiwanja cha baba yake.

Shangazi wa Donholm anajibu:

Nimesoma haya mara mbili. Mwanangu wa Githurai, umeniuliza swali ambalo sikulitarajia, na jibu lake ni ndiyo: anayepika ni binti, na anayejua unga umebaki kiasi gani ni yeye. Hata daftari ninalojivunia, kuanzia mwaka jana ni yeye anayelijumlisha, kwa sababu macho yangu huchoka jioni. Kaka yake hajawahi kuliona. Sikuwa nimeyaweka mambo haya mawili pamoja.

Mzee wangu wa Pumwani, nashukuru. Sisi ni Wakristo lakini aya uliyoitaja nitamsomea kaka yangu.

Lililobaki ni lile la mafunzo. Kaka hulirudia sana, na sidhani ni kisingizio. Anaamini kwa moyo wake kwamba mvulana ambaye hakuketi na wazee baada ya tohara hajakamilika.

Mwalimu wa Kayole anajibu:

Mama, ningependa kumjibu kaka yako kwa heshima, kwa kuwa jambo analolisema ni kweli, ila halimwelekei kijana.

Nimefundisha wavulana wa shule za upili katika mitaa hii kwa muda mrefu. Kila mwisho wa mwaka, shule zinapofungwa, wavulana wengi wa Nairobi hupelekwa hospitalini au kwenye zahanati kutahiriwa, na makanisa kadhaa huandaa kambi za siku chache ambako hupewa mawaidha. Baadhi ya kambi hizo ni nzuri. Nyingine hukodi wahubiri wanaowatisha watoto kuhusu dawa za kulevya na wasichana, kisha huwapa cheti. Muhula unapofunguliwa, kijana anarudi na suruali mpya na kiburi fulani, na walimu na wazazi tunaendelea kumtendea vile vile.

Hapo ndipo mila za wazee wetu zilipotuzidi. Kwa Wabukusu, tohara hufanyika mwezi wa Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, na mvulana hachukuliwi tu: huomba mwenyewe, kisha huzunguka akipiga njuga kuwaalika jamaa, akafika hadi kwa mjomba wake kwa upande wa mama, ambaye ana sehemu yake maalumu katika kumtambua. Maana yake ni kwamba ukoo mzima umeonywa kuwa mtu huyu atarudi akiwa mwingine na wajiandae kumpokea. Kwa Wajaluo, kijana alijenga nyumba yake ya kiume, simba, ndani ya boma la baba, na baadaye sana ndipo alipotolewa na baba yake kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Wamaasai nao hawakuridhika na sherehe moja: ipo Enkipaata inayowaandaa wavulana kabla ya tohara, Eunoto inayowavusha wamorani kuelekea utu uzima, na Olng'esherr inayowaingiza katika uzee, na kati ya sherehe hizo hupita miaka. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziweka zote tatu katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Wenyeji wa mila hizo watajua mengi zaidi yangu, lakini kwa kadiri ninavyoelewa, kisu kilikuwa sehemu ndogo. Kilichomfanya kijana kuwa mtu mzima ni kwamba kesho yake alilala mahali pengine, alikula na watu wengine, alipewa kazi nyingine, na makosa yake yalianza kumgharimu yeye badala ya mama yake. Sisi wa mjini tumebaki na kisu, hayo mengine tukayaacha kijijini. Kwa hiyo kaka yako anaposema kijana hakufunzwa, naomba aulizwe kwa upole: baba yake alikuwa amefariki, je, aliyepaswa kumketisha chini alikuwa nani? Baba mkubwa ndiye baba. Hajachelewa. Anaweza kumchukua kijana Jumamosi moja hadi Ruai, amwonyeshe mipaka ya kiwanja, amweleze marehemu alikinunua vipi na kwa jasho gani, na amfundishe kusoma hatimiliki. Hilo ni jando pia, na naamini litamtuliza kaka yako kuliko kusubiri miaka saba.

Kuhusu umri wa miaka 25, siku hizi husemwa sana kwamba ubongo haujakomaa kabla ya hapo. Ni kweli kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga na kujizuia, huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, lakini hukua polepole na kwa tofauti kati ya mtu na mtu. Hakuna siku ya kuzaliwa ambayo kazi hiyo hukamilika. Na tukiutumia ukweli huo kumnyima kijana mali yake, itabidi tumnyime pia kura na kazi ya jeshi. Mwaka 2017 wakazi wa Igembe Kusini walimchagua John Paul Mwirigi kuwa mbunge wao akiwa na miaka 23, mgombea huru asiye na fedha, naye akaketi bungeni kupitisha bajeti ya taifa. Sisemi kila mwenye miaka 23 anaweza hilo. Nasema waliomjua walimpima kwa mwenendo wake, wakampa.

Gari la abiria, hata hivyo, mimi ningelipinga, na ningempinga hata mtu wa miaka 40. Amalize mtihani kwanza. Kumkatalia mtu mzima mpango mbaya ni haki ya jamaa zake wote, mradi wamkatalie kwa hoja wanazoweza kumweleza ana kwa ana.

Shangazi wa Donholm anajibu:

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na kaka kwa simu. Hakukubali kila kitu, lakini safari ya Ruai ameikubali mara moja, na akasema binti naye aende. Jumapili tutaketi sote watano pamoja na dada yangu mdogo, watoto walifungue daftari wenyewe. Kijana nitampa chumba kimoja kuanzia mwezi ujao, na sehemu yake ya mapato mengine tutaiweka katika akaunti ya jina lake baada ya kutoa karo.

Karani, nina swali moja tu lililobaki: je, hayo makubaliano tuyaandike, au neno la familia linatosha?

Karani mstaafu anajibu:

Yaandikeni, dada. Wekeni tarehe, kiasi kilichopo, kinachotolewa kwa karo na kinachobaki kwa kila mmoja wao. Wewe na kaka yako mtie saini kama wasimamizi, kijana atie yake kama mrithi aliyetimiza umri, na atafutwe shahidi asiye wa familia. Binti hawezi kufungwa na saini yake bado, lakini jina lake na fungu lake viandikwe wazi, naye apewe nakala. Kisha mwone wakili kuhusu mgawanyo rasmi wa sehemu ya kijana, kwa sababu cheti cha uthibitisho wa mirathi mlichopewa ndicho kitakachoamua ni hatua gani inahitaji ombi jipya katika Mahakama Kuu ya Milimani na ni ipi mnaweza kuitekeleza wenyewe.